Heathrow hadi Schiphol: kilomita 370 zinazokula saa moja na dakika 20

Ukitafuta mtandaoni umbali wa ndege kati ya uwanja wa Heathrow wa London na Schiphol wa Amsterdam, utaambiwa ni kilomita 370 na kwamba safari huchukua dakika 58. Ukienda kununua tiketi, ratiba inasema saa moja na dakika 20. Ukiitazama tiketi ya kurudi, unaweza kukuta umeandikiwa kuondoka Schiphol 10:00 na kufika Heathrow 10:20, utadhani Bahari ya Kaskazini imevukwa kwa dakika 20. Na abiria aliyekaa dirishani huku akiangalia saa yake anaweza kukuapia kwamba tangu magurudumu yaachane na ardhi hadi yakaigusa tena, zilipita dakika 45 tu.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila namba inapima kitu chake, na wasafiri huumia pale wanapoichukua moja na kuitumia mahali pa nyingine. Wanaotoka Kilimanjaro, Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kwa ndege ya usiku, wakafika Schiphol asubuhi na kuunganisha kwenda London, wanakutana na mkanganyiko huu wakiwa wamechoka na saa zao bado zinasoma Afrika Mashariki. Basi tuzichambue namba hizi moja baada ya nyingine. Saa nitaziandika kama zinavyochapwa kwenye tiketi, kwa hiyo 10:00 ni saa nne asubuhi.

Mstari ambao hakuna ndege inayoufuata

Kilomita 370 ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo ni kipande cha duara linaloizunguka dunia nzima na kuigawa katika nusu mbili zilizo sawa, ambalo huitwa duara kuu. Katika safari ndefu mstari wa namna hii huonekana umepinda vibaya kwenye ramani ya ukutani; wa kutoka Amsterdam kwenda Los Angeles, kwa mfano, unapanda hadi Greenland. Kati ya London na Amsterdam mpindo huo ni mdogo mno kuonekana kwa macho.

Ukikuta sehemu moja wameandika maili 230 na nyingine maili 200, usidhani kuna aliyekosea. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609. Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852, kipimo kilichotokana na umbo la dunia yenyewe: kila digrii ya latitudo ina maili 60 hivi za baharini, hivyo mwenye ramani anaweza kupima umbali kwa kutumia mistari ya pembeni mwa ramani hiyo hiyo. Kwa kipimo hicho, Heathrow hadi Schiphol ni maili 200 karibu kamili. Tuishike namba hiyo, tutaihitaji.

Jambo jingine linaloleta namba tofauti ni neno “London” lenyewe. Mji huo una viwanja kadhaa vinavyobeba jina lake, na umbali hadi Schiphol haulingani. Kutoka Stansted ni kilomita 313 hivi, kutoka London City 335, kutoka Gatwick 365. Ukipima katikati ya jiji hadi katikati ya jiji unapata kama kilomita 357. Kabla ya kulinganisha safari mbili, angalia kwanza kama zinaanzia uwanja mmoja.

Dakika 58 zimetoka wapi

Tovuti nyingi za kukokotoa umbali hazina habari yoyote ya ndege halisi. Zinachukua umbali, zinaugawa kwa mwendo wa takriban kilomita 800 kwa saa, kisha zinaongeza nusu saa kufidia kupaa na kutua. Kilomita 370 ukizigawa kwa 800 unapata dakika 28. Ongeza 30, unapata 58. Basi, hesabu imeishia hapo.

Kwa safari ya saa nane au tisa kanuni hiyo haikosei sana, kwa sababu ndege hutumia sehemu kubwa ya safari ikiwa imetulia juu kwa mwendo ule ule. Kwa safari fupi inapotosha, na tunaweza kuona ni kwa nini tukiifuata ndege yenyewe.

Heathrow upepo huvuma zaidi kutoka magharibi, na ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo. Kwa hiyo siku nyingi za mwaka ndege inayokwenda Amsterdam, iliyo upande wa mashariki, inapaa kwanza kuelekea magharibi, upande wa Windsor, ikiipa kisogo Uholanzi. Inageuka baada ya hapo, inapita kaskazini mwa London, inakata Essex na kuingia baharini. Karibu na pwani ya Uholanzi inakabidhiwa kwa waongoza ndege wa Schiphol, nao wanaizungusha hadi ielekeane na njia ya kutua inayotumika siku hiyo. Zile kilomita 370 zilishapitwa zamani.

Sasa mwendo. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi maili za baharini 250 kwa saa, yaani kilomita 463. Juu ya hapo rubani huongeza mwendo, lakini bado anapanda. Na kushuka hakungoji ufike: kanuni nyepesi ambayo marubani hukokotoa kichwani ni maili tatu kwa kila futi 1,000. Ndege iliyofika futi 25,000 inahitaji maili 75 za kushuka. Kupanda hadi kimo hicho nako hula maili zinazokaribia hizo. Kati ya maili zetu 200, basi, 150 zimekwenda kwenye kupanda na kushuka, zimebaki 50. Kwa mwendo wa kilomita 780 kwa saa, maili 50 ni dakika saba.

Dakika saba! Hata ukiongeza maili za kuzunguka, muda ambao ndege hii inakimbia kwa mwendo ule tunaosoma kwenye vitabu haufiki robo saa. Aliyewahi kusafiri njia hii anaujua muda huo bila kuupima. Taa ya mikanda inazimika, wahudumu wanapita haraka haraka na vikombe na kipande cha kitu cha kutafuna, na kabla chai haijanyweka rubani anatangaza kwamba wanaanza kushuka. Ndiyo maana pia ndege za njia hii mara nyingi hazijisumbui kupanda hadi futi 35,000 au 37,000 kama zinavyofanya zikienda mbali. Zikifika huko, itakuwa zimeshapitiliza mahali pa kuanza kushuka.

Njia hii ina historia inayofaa kuwekwa mezani hapa, kwa sababu ndiyo iliyofunguliwa mwanzo kabisa na shirika la KLM. Tarehe 17 Mei 1920 rubani Jerry Shaw aliondoka Croydon, kusini mwa London, na ndege ya kukodi aina ya De Havilland DH.16, akiwa na waandishi wa habari wawili na bunda la magazeti, akatua Schiphol baada ya saa mbili na ushei. Ndege ile ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye injini moja ya pangaboi. Miaka mia moja na zaidi imepita, mwendo wa angani umeongezeka mara tano hivi, lakini ratiba imepungua kutoka saa mbili na kidogo hadi saa moja na dakika 20. Kilichoula muda uliookolewa kiko zaidi chini kuliko juu.

Polderbaan, na foleni za Heathrow

Schiphol imejengwa mahali palipokuwa ziwa. Ziwa la Haarlemmermeer lilikaushwa mwaka 1852, na uwanja uliojengwa baadaye kwenye sakafu yake uko mita tatu na kitu chini ya usawa wa bahari. Ardhi ni tambarare, nafasi ilikuwapo, na leo uwanja una njia sita za kurukia zilizotandazwa pande mbalimbali. Waongoza ndege huchagua zipi zitumike kwa kuangalia upepo, ukungu, wingi wa ndege na, jambo lenye uzito mkubwa nchini Uholanzi, kelele kwa wakazi.

Kelele ndiyo iliyoizaa Polderbaan. Ni njia yenye urefu wa mita 3,800, iliyofunguliwa mwaka 2003 mbali kaskazini magharibi mwa majengo ya abiria, mashambani, ili ndege zisipite juu ya nyumba za watu wengi. Ndege hupaa kutoka hapo kuelekea kaskazini tu, na hutua zikitokea kaskazini tu. Iko mbali kiasi kwamba imejengewa mnara wake wenyewe wa kuongozea ndege, na ili kuifikia ndege hupita kwenye daraja juu ya barabara kuu ya A5. Unayeendesha gari barabarani unaona tumbo la ndege likikatiza juu yako taratibu.

Kwa abiria, maana yake ni hii: ukitua Polderbaan, ndege inaweza kutambaa ardhini dakika 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi, kabla ya kufika kwenye geti. Kumbuka zile dakika saba za kukimbia angani. Watu wengi hudhani wamezungushwa ovyo, au kwamba rubani amepotea. Ukweli ni kwamba kijiji fulani kimepata usingizi kwa sababu ya dakika zako hizo, na binafsi naona ni malipo ya haki.

Heathrow tatizo lake ni kinyume: haina nafasi. Ina njia mbili tu, na serikali imeuwekea uwanja kikomo cha safari 480,000 za kuruka na kutua kwa mwaka, kikomo ambacho umekuwa ukikisogelea mwaka baada ya mwaka. Kiwanja kinachofanya kazi kikiwa kimejaa hivyo hakina mahali pa kuficha ucheleweshaji. Ndege inayoondoka husukumwa nyuma kutoka kwenye geti, inawasha injini, inaingia kwenye mstari, na robo saa inaweza kupita kabla haijapewa ruhusa ya kuruka. Ndege inayokuja hukutana na foleni angani. Kuna sehemu nne za kungojea kuuzunguka mji: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Zinazotoka Amsterdam kwa kawaida huelekezwa Lambourne, upande wa Essex. Hapo ndege huzunguka moja juu ya nyingine zikiachana kwa futi 1,000. Iliyo chini kabisa ikitolewa kwenda kutua, zote zilizobaki zinashuka hatua moja. Siku nzuri hupitilizi hata mzunguko mmoja. Siku mbaya unaiona mito na mashamba yale yale dirishani mara ya tatu, na London iko palepale.

Kuna pia foleni isiyoonekana. Anga ya Ulaya inaratibiwa na Eurocontrol, na kituo chake cha Brussels kikiona sehemu fulani itajaa kupita kiasi, kinaipa ndege muda maalumu wa kuruka. Ndege inatakiwa iruke kuanzia dakika tano kabla ya muda huo hadi dakika kumi baada yake. Ndiyo maana unaweza kukaa ndani ya ndege iliyofungwa milango, jua linawaka, hakuna dalili ya tatizo lolote, na rubani anasema mnasubiri. Kungoja chini injini zikiwa zimezimwa ni nafuu na salama kuliko kwenda kuzunguka juu.

Upepo na saa

Upepo husingiziwa sana kwenye safari fupi. Kweli, anga za juu za Ulaya zina mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi, na juu ya Atlantiki mikondo hiyo hubadilisha safari kabisa: Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Lakini kwa kilomita 370 hesabu ni ndogo. Chukua ndege yenye wastani wa kilomita 700 kwa saa: bila upepo, kila upande ni dakika 32 hivi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiisukuma kwenda Amsterdam, inatumia dakika 28. Ukiikabili wakati wa kurudi, dakika 37. Tofauti ni dakika tisa. Angalia pia kwamba jumla ya kwenda na kurudi imeongezeka kidogo: upepo haurudishi wakati wa kwenda kila kitu unachokuja kuchukua wakati wa kurudi, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoikabili.

Kinachobadilisha sura ya tiketi kwa nguvu ni saa za nchi. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja, majira yote, maana nchi zote mbili husogeza saa zake kwa wakati mmoja, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Safari ya saa moja na dakika 20 inayoanza Heathrow 10:00 inaishia Schiphol 12:20. Inayoanza Schiphol 10:00 inaishia Heathrow 10:20. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Kwa hiyo wakati wa kiangazi cha Ulaya, Dar es Salaam iko mbele ya Amsterdam kwa saa moja na mbele ya London kwa saa mbili. Wakati wa baridi ni mbili na tatu. Anayekuja kupokewa Heathrow ampe mwenyeji wake saa iliyoandikwa kwenye tiketi kama ilivyo, asijumlishe wala kutoa chochote, kwa sababu tiketi daima huandika saa za mahali ulipo uwanja husika.

Saa moja na dakika 20 za ratiba

Sasa tunaweza kuisoma ratiba. Inahesabu kuanzia ndege inapoondoka kwenye geti la London hadi inapofika kwenye geti la Amsterdam: kusukumwa, kungoja, kuruka, kuzunguka, kutua, kutambaa kutoka Polderbaan. Shirika huangalia safari zake zilizopita na kupanga muda utakaozitosha safari nyingi, pamoja na akiba kidogo. Ndiyo sababu unasikia tangazo la furaha kwamba mmefika dakika 15 kabla ya wakati. Mara nyingi akiba haikutumika tu.

Muda huo bado si muda wa safari yako. Ukianzia katikati ya London, hesabu karibu saa moja ya kufika Heathrow, saa mbili za kuwahi uwanjani, saa moja na dakika 20 za ratiba, nusu saa ya pasipoti kwa kuwa Uholanzi iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, na Uingereza iko nje, halafu treni ya robo saa na kidogo hadi stesheni ya Amsterdam Centraal. Zinakaribia saa tano. Treni ya Eurostar, iliyoanza kwenda moja kwa moja Amsterdam Aprili 2018, hutumia takriban saa nne kutoka stesheni ya St Pancras ya London, na ukiongeza muda wa kuwahi ukaguzi unafika kwenye saa tano zile zile. Kwa anayetoka mjini kwenda mjini, ningemshauri treni bila kusita. Kwa anayeunganisha kutoka Kilimanjaro, ndege ndiyo yenye maana, kwa sababu tayari yuko ndani ya uwanja.

Mahali ambapo vipimo hivi vinageuka kuwa pesa ni sheria ya fidia. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inampa abiria euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 ikiwa amechelewa kufika kwa saa tatu au zaidi na kosa linalihusu shirika. Uingereza baada ya kujitoa ilibaki na sheria yake inayofanana, yenye pauni 220. Swali likawa: kufika ni lini? Kesi moja ilihusu ndege iliyotoka Salzburg kwenda Köln/Bonn na kutakiwa kufika 14:40. Magurudumu yaligusa ardhi 17:38, dakika mbili pungufu ya saa tatu. Ndege ikasimama kwenye maegesho 17:43, milango ikafunguliwa muda mfupi baadaye. Tarehe 4 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kutoka. Kwa hiyo dakika za kutambaa kutoka Polderbaan zinahesabiwa.

Kwa umbali, mahakama hiyo hiyo ilikwenda upande mwingine. Abiria waliosafiri kutoka Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels walikuwa wamebebwa jumla ya kilomita 1,656, ambazo zingewapa euro 400. Septemba 2017 majaji walisema kinachopimwa ni duara kuu kati ya mahali pa kuanzia na mwisho wa safari, kilomita 1,326, haidhuru ndege imepita wapi. Wakapata 250. Mstari ule ambao hakuna rubani anayeufuata ndio unaotumika kupima fidia yako. Ukichelewa sana, hesabu umbali kwa mstari huo, halafu andika saa ambayo mlango wa ndege ulifunguliwa.